Fundi Ziba na Matundu Manane ya Hewa

Mume wangu ana jina alilopewa na wazazi wake, lakini ukilitaja hapa ukingoni mwa mto hakuna atakayejua unamsema nani. Sema Fundi Ziba, hata mbwa watakuonyesha boti yetu. Miaka thelathini na moja kazi yake ilikuwa hiyo moja: kuziba. Karakana ya boti ilikuwa na mafundi wa injini, wachomeleaji, wapaka rangi, na yeye, mtu wa silikoni na lami. Ukimuuliza atakwambia wale wengine wote walikuwa wasaidizi wake. Mwache aseme, mimi nimeshamzoea.

Pale karakana walikuwa na desturi yao. Fundi akimaliza kuziba mahali, kabla silikoni haijakauka, anabonyeza dole gumba pembeni. Alama ile ndiyo sahihi yake: nimeziba mimi, maji yakiingia niulizwe mimi. Penye dole la mtu hapakatwi mpaka aitwe mwenyewe. Na mwenyewe akilazimika kukata dole lake, ameumbuka. Wenzake wanaacha kazi zao, wanagonga nyundo kwenye mabati, wanamsindikiza na kelele zile mpaka getini. Jirani yetu wa zamani, mwanamume na ndevu zake, niliwahi kumwona anarudi nyumbani analia kwa ajili ya nyundo hizo. Mume wangu hakugongewa hata siku moja. Hilo atakusimulia kabla hujapata pa kukaa.

Karakana ilipofungwa, kulikuwa na boti kuukuu ya abiria iliyokuwa ikisubiri kukatwakatwa iuzwe chuma chakavu. Akaichukua yeye. Tukaacha nyumba ya kupanga, tukahamia majini, mimi na uzee wangu. Akaifunga kwa minyororo miwili, akaweka ubao wa kuvukia, akaugawa ukumbi mrefu wa abiria kwa plaiwudi: chumba chetu, sebule, jiko, na chumba cha nyuma. Madirisha yake ni vioo vya kudumu, havifunguki. Mlango ni mmoja, wa mbele. Juu, kwenye paa la chuma, kulikuwa na matundu manane ya hewa, manne kila upande, kila moja na kofia yake ya chuma mithili ya uyoga. Abiria sitini walipumua kwa matundu yale miaka nenda rudi.

Nisimsingizie. Mvua za kwanza zilipokuja, matundu mawili yalivuja kweli. Tuliamka tukakuta godoro limelowa. Alifurahi, usinione mwongo. Alifurahi kama mtu aliyeletewa barua ya kurudishwa kazini. Akapanda na vifaa vyake, na alipomaliza yale mawili akasema, "Ya nini kungoja mengine yaharibike?" Aking'oa kofia, anaitupa mtoni, anaweka bamba la chuma, silikoni, lami juu yake, dole pembeni. Siku ile akafunga saba. La nane, la chumba cha nyuma, lilisalimika kwa sababu lami ilimwishia.

"Mume wangu," nikamwambia, "na hewa je?"

"Hewa ipo mlangoni."

Sasa ngoja nikueleze mimi ni nani, maana humu watu wanadhani mimi ni mke wa fundi tu. Nimefanya kazi miaka ishirini na miwili kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Mashuka, mapazia, magauni ya wagonjwa, yote yanachemshwa kwenye mapipa. Mvuke najua unakokwenda. Unapanda, unakuta dari la baridi, unageuka maji, unakudondokea shingoni. Siku madirisha ya juu yalipokwama, tulifua huku tunanyeshewa ndani ya nyumba, na nje jua linawaka. Kwa hiyo msimu wa baridi ulipoingia, nikaona asubuhi matone yamejipanga kwenye ukingo wa yale mabamba, sikuhitaji kuitiwa mtaalamu. Mvua ilikuwa haijanyesha wiki tano.

Nikamwambia. Nikamwonyesha mpaka kifuniko cha sufuria: nimekifunua, nimekipindua, maji tele. "Haya nayo yametoka mtoni?"

Akacheka. "Hiyo ni kazi ya dobi, mama. Hii ni boti."

Basi, nikanyamaza. Matone yalikuwa machache, mimi na yeye tu, na tundu la nane lilikuwa wazi. Nikawa napita na kitambaa kila asubuhi, nafuta. Miaka miwili nilifuta.

Halafu binti yetu akarudi. Ndoa ilimshinda, naye hakutaka maneno mengi, akaja na mabegi mawili na mtoto wa miaka minne. Mtoto yule babu yake alimpa jina siku ile ile: Kifaranga, kwa vile alivyokuwa anamfuata nyuma kila anakokwenda. Tukawapa chumba cha nyuma. Nitasema ukweli wangu, na aibu niiweke pembeni: kuvunjika kwa ndoa ya mwanangu kulinipa furaha. Miaka sita nilikuwa namsikia kwenye simu tu. Sasa nasikia miguu midogo inakimbia juu ya mbao, nasikia mtu ananiita bibi. Nilichotaka duniani kilikuwa hicho kimoja, wakae. Wasije wakaondoka tena.

Ila watu wanne si wawili. Nguo za mtoto zinafuliwa kila siku na kuanikwa ndani, uji unachemka, maji ya kuoga yanachemka, na baridi ile mlango tunaufunga mapema. Matone yakaongezeka. Fundi Ziba akazunguka na tochi, akagusa, akanusa, akalamba kidole. Akatoa hukumu.

"Ni lile la nane. Ndilo pekee sijalifunga. Maji yanaingia pale, yanatambaa kati ya mabati, yanatokea kwingine."

"Maji gani, na mvua haipo?" nikamuuliza.

"Umande."

Lo! Mtu akishaamua kutia pamba masikioni, hata umpigie tarumbeta.

Akapanda juu na Kifaranga. Nilikuwa chini nakunja nguo, nikawasikia wanavyocheka. Baadaye mtoto akateremka mbio, dole lake gumba jeusi kwa lami.

"Bibi! Na mimi ni fundi! Nimeweka dole langu!"

Babu yake alikuwa amemwachia abonyeze pembeni ya dole lake. Dole kubwa na dole dogo, yamekaa pamoja. Akamwambia, nilimsikia kwa masikio yangu, "Sasa umekula kiapo. Hili halikatwi na mtu yeyote, hata mimi." Na mtoto akampa mkono kama mtu mzima. Nikacheka na mimi. Mungu anisamehe, nilisimama pale na kapu la nguo nikacheka.

Tangu siku ile boti ikageuka pipa la kufulia. Asubuhi maji yanashuka kwenye plaiwudi kwa michirizi. Shuka zikawa na harufu. Kwenye pembe za chumba cha nyuma ukungu mweusi ukaota, nikausugua kwa siki, baada ya siku nne umerudi. Kisha Kifaranga akaanza kukohoa. Kikohozi chenyewe si kile cha mafua. Alikuwa akivuta pumzi unasikia filimbi kifuani.

Binti akampeleka zahanati. Nesi akamsikiliza kifua, akauliza swali moja tu: "Nyumbani kwenu kuna unyevu?" Binti akamweleza. Nesi akamwambia dawa atampa, lakini asidanganyike, mtoto akilala tena kwenye ukungu na chumba kisichopitisha hewa, dawa itakuwa kazi bure.

Jioni ile tulikaa sebuleni wote. Binti alizungumza kwa adabu, maana nilimlea.

"Baba, nakuomba. Fungua matundu mawili tu. Lile la chumbani kwetu na moja la jikoni."

"Nifungue, mvua iingie?"

"Mvua gani, Baba? Miezi miwili haijanyesha hata tone."

"Yale ni maji ya zamani. Yamenasa ndani ya mabati, yanatafuta pa kutokea. Nipe wiki moja niyakomeshe."

"Baba, ni pumzi zetu."

Fundi Ziba akanitazama mimi, si binti. Alijua maneno yale yametoka wapi. "Umemfundisha na huyu?" Akainuka. "Miaka thelathini na moja sijakata dole langu. Mkubwa wa karakana hakunikatisha. Leo nije nikatishwe na madobi?"

Ndivyo alivyosema, mbele ya mtoto. Nami nikafanya nini? Nikaenda jikoni kuosha vyombo.  Kisu kilikuwa pale pale kwenye beseni, kile kirefu cha kukatia nyama. Ngazi iko nje, hatua tano. Nilikiosha, nikakifuta, nikakirudisha mahali pake.

Hiyo wiki moja aliyoomba aliitumia ipasavyo. Akaongeza silikoni juu ya silikoni, akamalizia kwa turubai. Harufu ya gundi ikajaa ndani, macho yanatutoka machozi. Siku ya nne asubuhi nilimkuta binti amekaa kitandani, mtoto amemwegemea, midomo imekuwa na rangi ya majivu. Hakupiga kelele. Alikuwa ameshafunga mabegi.

"Mama, tunaondoka. Kuna mwenzangu wa zamani ana chumba, ng'ambo ya mji. Baba akifungua, tutarudi. Mwambie hivyo. Akifungua tu."

Fundi Ziba alisimama mlangoni na bomba la silikoni mkononi, hajui alishike vipi. Kifaranga akapita mbele yake kwenye ubao wa kuvukia, akageuka.

"Babu, dole langu usilitoe, sawa?"

"Sawa, fundi wangu."

"Umekula kiapo."

"Nimekula kiapo."

Wakaondoka. Nilitandika kitanda chao, nikakaa juu yake mpaka mchana, nikalia mpaka nikajionea haya.

Siku tisa zikapita. Asubuhi ya kumi nikasikia anapiga makofi sebuleni, peke yake.

"Mke wangu! Njoo! Njoo uone!"

Nikaenda. Amepanda juu ya kiti, anapitisha kiganja kwenye bamba la tundu la tatu. Akanionyesha kiganja. Kikavu. Akaenda la nne, kikavu. Akanizungusha boti nzima, chumba hadi chumba, nguo yake ya kulalia bado mwilini, anagusa na kunionyesha kiganja.

"Unaona? Unaona? Hata tone! Nilikwambia ni maji ya zamani! Nimeyakomesha!" Akacheka, na macho yake yalikuwa yanalengalenga. "Mpigie binti yako simu. Mwambie warudi. Mwambie baba yake ameshinda."

Nilimtazama yule mzee juu ya kiti. Nilikuwa na maneno ya kumchana vipande. Badala yake nikasema, "Teremka. Keti hapa."

Nikamweka kiti chini ya tundu la jikoni, nikamketisha. Nikafunga mlango. Nikajaza sufuria mbili kubwa, zile nilizokuwa nachemshia nguo za Kifaranga na maji yake ya kuoga, nikaziweka jikoni zote mbili, nikawasha moto. Nikasimama, mikono kiunoni.

"Unafanya nini?" akauliza.

"Nyamaza. Ukae tu."

Maji yakachemka. Vioo vikawa vyeupe.  Hazikupita dakika ishirini, tone likaanguka katikati ya upara wake. Akashtuka, akajipapasa. Likaanguka la pili. Akainua uso, la tatu likampata kwenye shavu.

"Mvua hiyo," nikasema. "Umande huo. Maji ya zamani hayo. Wewe mwanamume, pamekauka kwa sababu hawapo! Ulikuwa unaziba pumzi ya mjukuu wako!"

 Aliendelea kukaa pale, matone yanamdondokea, wala hayafuti. Nilizima jiko mwenyewe. Nilidhani nikimshinda nitasikia raha. Niliingoja hiyo raha, haikuja.

Mchana ule akachukua kisu, kile kile changu cha nyama, akapanda juu. Nikasikia turubai inaburutwa. Nikasikia anakwangua. Alianza la kwanza, akaenda la pili. Kila bamba likitoka, mwanga unaingia ndani mahali ambapo miaka miwili hapakuwa na mwanga, na vumbi linaonekana linazunguka. Nilihesabu mpaka saba. Kisha kimya. Akateremka, vidole vyake vyeusi, vingine vinatoka damu.

"La nane?" nikamuuliza.

"Lina dole la Kifaranga. Nilimwahidi."

"Watarudi kwa sababu ya hilo la nane, mume wangu, ndilo la chumbani kwao!"

"Saba yanatosha. Hewa itazunguka." Akanyoosha mkono. "Mpigie."

Nikapiga, nikaweka sauti wote tusikie. Nikamweleza binti: baba yako amefungua, amekata mwenyewe, saba, hewa inapita mpaka mapazia yanapepea. Nilikuwa naongea haraka, kama mtu anayekimbiza gari. Niliponyamaza nikamsikia Kifaranga nyuma, anaimba, sauti safi, haina filimbi.

"Nashukuru, Mama," akasema. "Ila huku anapumua vizuri. Ameshapata rafiki, nami nimeshapata kibarua. Tumeshazoea. Tutakuja kuwasalimu."

Kutusalimu. Wageni ndio wanaokuja kusalimu. Fundi Ziba alinyanyuka, akatoka nje, akaenda kusimama kwenye ubao wa kuvukia.

"Ulisema akifungua mtarudi," nikamwambia.

"Nilisema, Mama." Akavuta pumzi. "Baba hakujua. Baba nitamsamehe, kichwa chake ndicho kilivyo. Lakini wewe ulijua. Tangu siku ya kwanza ulijua, na kisu kilikuwa jikoni kwako."

Nikakata simu.  Watu wakinisikia namlaumu mume wangu wanatikisa kichwa, wananionea huruma, pole mama, umeolewa na jiwe. Huwa sisemi habari za kisu.

Mvua zimekuja. Kofia za chuma zilishazama mtoni, na yale matundu saba ni mashimo matupu. Aliyafunika kwa mabeseni yaliyopinduliwa juu ya matofali, upepo ukija unayatupa majini. Angeweza kutengeneza kofia mpya, si kazi ya kumshinda. Namwambia, anasema kesho. Bomba la silikoni limekauka mdomo, liko chini ya kochi. Watu wa huku bado wanamwita Fundi Ziba, naye anaitika, huku ameshika ndoo.

Tumeweka sufuria saba chini ya matundu saba. Tunalala tumejikunja pembeni, godoro likiwa limefunikwa nailoni. Juzi mvua ilipiga kutwa nzima, nikamtafuta nisimwone, nikamkuta chumba cha nyuma. Amesimama kando ya kitanda cha mtoto, ameweka kiganja juu ya shuka.

"Hapa hapavuji," akasema. "Gusa."

Nikagusa. Kweli, palikuwa pakavu kabisa. Boti nzima, mahali pakavu ni pale tu. Nikamwambia tuhamie pale, tulale kama watu. Akakataa, akasema watakuta kitanda kimeharibika, wakija. Sikubishana naye. Nilinyoosha shuka mahali alipokuwa ameweka mkono, nikarudi sebuleni kumwaga sufuria.